Hatua Ishirini na Mbili za Ramani

Mama Pasi alikuwa amefika shati la saba pale mumewe alipomuuliza, kwa mara ya nne asubuhi ile, kama chai imeshachemka.

"Umeshakunywa, baba watoto," alisema bila kugeuka.

"Mimi? Sijatia kitu kinywani tangu jana."

"Kikombe hicho hapo mbele yako."

Ramani akachungulia kikombe. Kitupu, majani ya chai yameganda chini. Akafikiri kidogo, akacheka. "Basi kuna mtu kaninywea. Nyumba hii ina wezi."

Jamani, ukiisikia mara moja inachekesha. Ukiisikia kila siku kwa miezi tisa, umesimama na pasi na miguu imevimba, mdomo wenyewe unakataa kutabasamu. Mama Pasi alikunja shati, akachukua la nane. Yalikuwa ya wahudumu wa hoteli, ishirini na manne kila siku, na kola zisiponyooka yanarudishwa yote.

Jina la Mama Pasi alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi hiyo. Jina la Ramani mumewe alipewa kazini, idara ya maji, na alilistahili. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa fundi bomba wa mji, na mabomba yote yaliyofukiwa chini ya barabara, viwanja na nyumba za watu yalikuwa kichwani mwake. Koki ipi inafunga maji ya mtaa gani, iko upande gani wa barabara, imezikwa kina gani: muulize Ramani. Atakuambia hatua kumi na nne kutoka kona ya stoo, hatua tisa kutoka mlango wa zahanati, na ukichimba unaikuta. Utepe wa kupimia hakuutaka hata kuuona. Alipima kwa miguu yake.

Zamani idara ilikuwa na ramani ya karatasi. Mvua moja kubwa paa la ofisi likavuja, karatasi zikalowa, zikaoza. Naam, idara ya maji ilinyeshewa! Wakubwa wakasema watachora nyingine. Hawakuchora. Ya nini kujisumbua, Ramani si yupo? Na Ramani mwenyewe hakuwa na haraka. Siku moja alimwambia mkewe, akijigonga paji la uso kwa kidole, "Mama watoto, vitu vikiwa humu ndani, hakuna wa kunifukuza."

Na kweli hawakumfukuza, hata pale walipopaswa kumfukuza mara kumi. Pombe aliianza kwa sababu ya baridi. Mafundi wanasimama mtaroni, maji mpaka kiunoni, na chupa ndogo inapita mkono kwa mkono, kila mtu funda moja. Wengine walipiga funda lao wakaendelea na maisha. Yeye akawa ndiye anayeimaliza. Kisha akawa anakuja na ya kwake. Ikafika miaka ambayo asubuhi hawezi kushika spana mpaka apate kidogo cha kutuliza mikono, na jioni anarudi chakari, anaimba, kiatu kimoja anacho na kingine hajui kilipo. Chakula akikiona anakisukuma pembeni. Mkuu wake alimfokea, akamwonya, akamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Mara bomba linapasuka, mji unakauka, na barua inarudi kwenye droo. Kichwa kile ndicho kilichomlinda. Hakuna aliyewaza, na yeye wa kwanza, kwamba pombe yote ile alikuwa anakimwagia kichwa hicho hicho.

Sasa tuje kwenye mkono.

Mkono wa kushoto wa Mama Pasi, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, ngozi yake imekunjamana na ina michirizi inayoshuka. Aliwaambia watu aliungua na pasi, na watu wakaitikia pole, wakanyamaza, kwa kuwa ni watu wazima. Lakini pasi haimwagiki. Pasi inaacha umbo lake pale ilipogusa. Jioni moja, miaka kumi na moja iliyopita, alificha chupa ya mumewe nyuma ya gunia la mkaa, na mumewe, alipoikosa, akamtupia birika lililokuwa linatokota. Binti yao, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, alisimama mlangoni akaona kila kitu. Kesho yake Ramani aliamka, akaona bandeji, akauliza kwa mshangao mtupu, "Mke wangu, umefanyaje tena?"

Hilo ndilo lililomuua Mama Pasi. Maji ya moto yaliunguza ngozi, lile swali likafika ndani. Alijua anajifanya. Alimtazama usoni akitafuta hata chembe ya aibu, akakuta uso mkavu. Tangu siku ile akawa anasubiri mtu yule aseme neno moja tu, nisamehe. Aliamka nalo, akalala nalo, akalipigia pasi maelfu ya mashati. Ramani hakulisema.

Miezi tisa iliyopita alidondoka ofisini. Macho yake yalikuwa yanachezacheza, miguu imekataa kumshika, na maneno yake hayana kichwa wala miguu. Alilazwa wiki nne. Wakamchoma sindano za vitamini siku baada ya siku, macho yakatulia, miguu ikarudi nusu. Akatoka anatembea kwa hatua fupi za kupepesuka, miguu imeachana, na kichwani mnavuja kila kinachoingia.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Mama Pasi kwenye kiti na kumweleza bila haraka. "Pombe nyingi ya miaka mingi inauumiza ubongo wenyewe. Halafu inamnyima mtu vitamini moja, inaitwa B1, kwa sababu mnywaji hali vizuri, na hata kile anachokula mwili hauchukui chote. Ubongo ukiikosa kwa muda, sehemu inayotunza mambo mapya inaharibika. Ndiyo maana atakumbuka harusi yenu lakini hatakumbuka kama amekula."

"Na hizi hadithi zake? Jana kaniambia ametoka kazini, wamekula na mkuu wake. Mkuu mwenyewe alishakufa. Kwa nini ananidanganya?"

"Hakudanganyi, mama. Ubongo unakuta tundu, unaliziba kwa chochote kilicho karibu. Yeye anaamini kila neno."

"Atapona?"

"Asiionje tena pombe, ale, ameze dawa. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine kidogo, wengine hapohapo walipo. Siwezi kukuahidi."

Mama Pasi alinyanyuka kuondoka, akafika mlangoni, akarudi. Akauliza kuhusu mtu anayefanya jambo baya akiwa amelewa, halafu asubuhi anasema hajui. Hakusema nani. Daktari aliutazama mkono, akaondoa macho haraka.

"Mtu akilewa kupita kiasi, kuna saa ambazo ubongo hauandiki," alisema. "Anatembea, anaongea, anafanya mambo, lakini hakuna kinachoandikwa. Hajafuta, mama. Hakikuandikwa kabisa."

Loo! Alirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, akapita hata mtaa wake bila kujua. Miaka kumi na moja alikuwa anamdai mtu kumbukumbu ambayo hakuwa nayo hata siku moja. Ungefikiri hapo angesamehe akapumzika. Thubutu. Alizidi kulitaka neno lake, kwa hasira mpya.

Binti yake alikuwa ameshampangia mama yake chumba kwake, dirisha linatazama bustani. Mdogo wake Ramani, fundi saa, mtu asiyeonja kileo, alikuwa tayari kumchukua kaka yake, dawa na kila kitu. Kila Alhamisi binti alipiga simu kuuliza kama Jumamosi aje na gari.

"Akiniomba msamaha siku moja tu," mama yake alimjibu, "hata kwa nusu dakika, nitaondoka na roho nyeupe. Bila hivyo nitakuwa nimekimbia."

"Mama, unamsubiri mtu ambaye hayupo."

"Basi namsubiri."

Siku ya mashati tunayoyasema ilikuwa Alhamisi. Alikuwa kwenye shati la kumi na moja gari dogo la idara ya maji liliposimama nje, na akashuka msichana aliyevaa buti za mpira na matope mpaka magotini. Huyo ndiye aliyekuwa mhandisi wa mji sasa. Kiti alikikalia mwezi uliopita tu, na matatizo aliyakuta yamemkalia tayari.

"Shikamoo mama. Mzee yupo? Tumekwama."

Bomba la mji wa chini, kule bondeni, lilikuwa limepasuka tangu alfajiri. Maji yalikuwa yanaingia majumbani, watu wamepandisha magodoro mezani. Wangeweza kufunga bomba kuu, lakini hapo hospitali nzima ingekauka, na kulikuwa na wagonjwa wa upasuaji. Kulikuwa na koki ndogo ya kufunga mtaa ule peke yake. Kila mtu alijua ipo. Mahali ilipo hakuna aliyejua. Walishachimba mashimo matatu.

"Mwanangu," Mama Pasi alisema, "mzee wangu hata chai yake haikumbuki."

Lakini Ramani alikuwa ameshasimama. Amesikia neno koki, na mgongo umenyooka. "Mji wa chini? Naijua kama ninavyokijua kiganja changu. Mama watoto, nipe ovaroli."

Ungemwambia nini? Mama Pasi alichomoa pasi, akafunga mlango, akapanda nyuma ya gari pamoja naye. Alijua kinachokuja. Alitaka tu awepo watakapomcheka.

Kinachokuja kikaja. Ramani aliwapeleka moja kwa moja mbele ya duka la matairi, akakanyaga chini. "Hapa. Tuliifukia mimi na mkuu wangu, mwaka wa mafuriko, tena siku hiyo alivaa kofia nyekundu." Alieleza jinsi mfuniko ulivyokuwa na ufa, nani aliubeba, nani aliumia kidole. Ilikuwa hadithi tamu na imekamilika pande zote. Mhandisi akaamini. Vibarua wakachimba saa nzima, jua linachoma, maji yanazidi kule bondeni. Wakakuta mwamba.

"Nani kawaambia mchimbe hapa?" Ramani akauliza kwa ukali, akichungulia shimo. "Hapa hapajawahi kupita bomba tangu dunia iumbwe!"

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akatupa sululu chini. "Mzee kashachapa maji asubuhi asubuhi huyu."

Weee! Mama Pasi alihisi damu inampanda. Miaka yote Ramani alikuja kazini ananuka pombe mpaka nzi wanalewa, hakuna aliyefungua mdomo. Leo ana miezi tisa bila tone, ndio wanamwita mlevi. "Mnuse!" alimwambia kibarua yule. "Sogea hapa umnuse mdomo, ukisikia pombe nitalichimba shimo lako mimi." Kibarua akaokota sululu yake.

Mhandisi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, ameshika kichwa. Machozi yalikuwa karibu. "Lile bomba lenyewe ni la zamani mno," alisema, kama anayejitetea. "Limepigwa chapa ya mwaka ambao mimi ndio kwanza nazaliwa." Akautaja mwaka.

Mama Pasi alisimama. Mwaka ule aliujua. Ndio mwaka alioolewa.

Mambo ya zamani yanabaki, daktari alisema. Na ule ulikuwa mwaka wa zamani kabisa, Ramani hata hajaanza kuinua chupa, kijana mrefu mwenye mabega, anacheka kwa sauti mpaka majirani wanachungulia. Yeye, bibi harusi wa wiki tatu, alikuwa anampelekea chakula mtaroni kila mchana. Wapi? Kwa upande wake palikuwa pameshafutika, mji ulikuwa umejengwa juu yake. Alikumbuka tu kwamba walikaa kwenye ngazi, na baada ya kula alimshika mkono, wakatembea huku anahesabu.

Akamwendea mumewe. Hakumuuliza habari za koki. Alijua ukimuuliza koki atakupa koki, hata kama hana.

"Baba watoto. Nilipokuwa nakuletea chakula, tumeoana juzijuzi, tulikuwa tunakaa wapi?"

Ramani alimtazama. Uso ukalegea, kile kiherehere cha kujibu kila kitu kikamtoka. Hakuwa na haraka sasa. "Ngazi za shule," alisema. "Chini ya kengele. Ulikuja na sufuria la bluu, mfuniko wake ulikuwa wa sufuria jingine. Ulikuwa unaona haya kula mbele ya mafundi."

Lile sufuria la bluu Mama Pasi hakuwahi kumsimulia mtu.

"Kulikuwa na shule hapa?" mhandisi aliuliza.

"Lile ghala la mbao," akajibu kibarua mzee. "Zamani lilikuwa shule. Ngazi zipo mpaka leo."

Wakaenda wote. Ramani alipoziona ngazi alizipanda mbili, akashuka, akaweka kisigino kwenye kona ya ngazi ya mwisho, akaelekeza uso barabarani. Akanyoosha mkono bila kutazama, na mkewe akaushika. Wakaanza. Moja, mbili, tatu. Anahesabu kwa sauti, miguu inapepesuka, lakini hesabu haipepesuki. Ishirini na mbili. Akasimama. "Hapa."

Wakachimba. Kina cha goti, kina cha paja. Udongo mtupu. Vibarua wakaanza kutazamana, na Ramani mwenyewe akaanza kutafuta hadithi, midomo inacheza. "Mkuu wangu aliihamisha," alianza, "alikuja na kofia nyekundu..."

"Nyamaza kidogo, mume wangu," Mama Pasi alisema, akautazama ule umbali kutoka ngazini. Ulikuwa mfupi mno. Siku zile ilimbidi akimbie kidogo ili aendane naye, na chakula kinamgongagonga tumboni. Leo alikuwa amemshika mkono mtu anayetembea kama anayepita kwenye utelezi. "Hesabu ni ya kweli," alimwambia mhandisi. "Hatua ndizo zimekuwa fupi. Nani hapa ni mrefu?"

Wakamsukuma mbele kibarua waliyemwita Twiga. Mama Pasi akamsimamisha kwenye kona ya ngazi. "Tembea kama kijana aliyeoa juzi na anataka kuonekana," alimwambia. Watu wakacheka, na Twiga akatembea hivyo hasa, kifua mbele. Hatua ya ishirini na mbili ilimfikisha mbali sana, kando ya nguzo ya umeme. Wakachimba. Hawakufika hata kina cha goti, sululu ikalia kwenye chuma.

Kelele zilizopigwa hapo! Kibarua aliyemwita mlevi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Wakaleta ule ufunguo mrefu wa koki, Twiga akaukamata akauzungusha kulia, na Ramani akamrukia. "Kushoto! Hizi za zamani zinafungwa kushoto. Ukilazimisha utaikata shingo." Akaushika mwenyewe. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, inajua inachofanya. Akafunga mizunguko kumi na tatu, akainama, akaweka sikio kwenye chuma. "Imelala," alisema.

Kule bondeni watu wakapiga vigelegele. Mhandisi alimshika Mama Pasi mikono yote miwili. Kisha akatoa daftari kwenye gari, akachora ngazi, akachora nguzo, akaandika 22. Ilikuwa ramani ya kwanza ya idara ile kwa miaka mingi, na ilikuwa na koki moja.

Njiani kurudi, upepo unapiga, Ramani alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi na amefurahi kama mtoto aliyetoka kuogelea. "Mke wangu," akasema, "tunatoka wapi?"

"Kazini."

"Ndiyo maana nimechoka." Akaegemea bega lake.

Walifika nyumbani jua limeshuka. Mama Pasi alichota maji kwenye beseni uani, akamkalisha, akampandisha mikono ya ovaroli, akaanza kumsugua. Akapandisha na ya kwake. Hakuwahi kuipandisha mbele yake, lakini siku hiyo alichoka, na, tuseme tu, alikuwa na furaha kidogo. Ramani akauona mkono. Akaacha kucheka.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Niache nikuoshe."

"Mke wangu, nani? Haya ni maji ya moto. Mimi nawajua watu waliounguzwa na maji ya moto. Nitajie jina lake." Sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na macho yalikuwa ya yule kijana wa ngazini. "Nitajie nimfuate sasa hivi!"

Mama Pasi aliweka sabuni chini. Alikuwa ameyapanga maneno haya kwa miaka kumi na moja, marefu, yenye viungo vyote. Yote yakamkimbia. Akasema, "Ni wewe."

Akamweleza. Chupa, gunia la mkaa, birika, mtoto mlangoni. Hakupaza sauti. Ramani alisikiliza, na safari hii hakuwa na hadithi. Ungeweza kuona anaitafuta na haipati. Kisha akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka chini, akapiga magoti kwenye matope ya maji ya beseni, akauweka mkono ule usoni kwake, akalia. Alilia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia ikimtoka, hata msibani kwa mama yake.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mama watoto. Nilikuwa mnyama. Nisamehe."

Ndilo hilo. Lilikuwa limefika. Mama Pasi alisubiri lile jiwe la kifuani liondoke, na kwa kweli kitu kilisogea, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu hajui lini. Akamshika kichwa. Akamwambia, "Nimesikia." Wakakaa hivyo mpaka kilio kikapungua. Akamwinua, akamfuta, akamkalisha tena kigodani, akaingia ndani kutafuta nguo kavu.

Simu ilikuwa inalia juu ya meza ya kupigia pasi. Alhamisi. Binti yake.

"Ameniomba msamaha," alisema kabla ya salamu.

"Mama. Kweli?"

"Kwa magoti. Kaulilia huu mkono."

"Anajua alichofanya?"

Mlango ulifunguliwa, Ramani akaingia na ovaroli iliyolowa magotini. Macho yake yalikuwa mekundu na yamevimba, na mwenyewe alikuwa anayafikicha kwa mshangao, hajui yamefanyaje. Akamwona mkewe, akatabasamu. Tabasamu likashuka kwenye mkono ulioshika simu, likakatika.

"Mke wangu! Nani kakufanyia hivi?"

Kidole gumba cha Mama Pasi kilikuwa bado kina povu la sabuni.

Hapo Mama Pasi aliona yote kwa pamoja. Angeweza kumwambia tena. Mumewe angelia tena, angepiga magoti tena, na neno lingetoka bichi kama la kwanza. Angeweza kulipata kila siku, kabla ya chai na baada ya chai, mpaka mmoja wao azikwe. Na kila mara yeye, Mama Pasi, ndiye angekuwa ameshika birika.

"Niliungua na pasi," alisema. "Zamani. Imeshapona."

"Pasi?" Ramani akaja, akauchukua mkono ule kwa uangalifu wote wa duniani, akainama, akaanza kuupuliza, polepole, kutoka kwenye kiwiko kushuka chini. "Pole, mke wangu. Pole sana. Kesho utapumzika, mashati nitapiga mimi."

"Mama?" sauti ya binti iliita. "Upo? Nije Jumamosi?"

Mashati kumi na manne ya hoteli yalikuwa yanamsubiri kwenye kapu. Alimtazama mumewe utosini, mvi zake zina matope.

"Njoo," alisema. "Mpigie na baba mdogo, mwambie aandae kitanda. Mwambie dawa ni asubuhi na jioni, na asiache chai ipoe, baba yako ataomba nyingine."

"Umelia, mama?"

"Nimechoka, mwanangu."

Akakata simu. Mkono hakuuondoa, na Ramani aliendelea kupuliza.